Kufundisha migogoro katika hadithi: anza na kanga, orodha ije baadaye

Kila muhula ukianza, walimu wapya wa Kiswahili huniuliza maswali yale yale. Aina za migogoro ni nne, tano au sita? Mgogoro wa kiuchumi ni aina inayojitegemea, au uingie kwenye mtu na jamii? Na kwa nini wanafunzi wanaandika "mgogoro wa UKIMWI" hata baada ya kufundishwa wiki nzima? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliingia kidato cha 3, nikaandika ubaoni "Aina za migogoro", nikashusha orodha chini yake, wakanakili, kengele ikalia. Nilitoka nikijiona nimefundisha. Kwenye jaribio la mwezi orodha waliirudisha yote kama ilivyokuwa ubaoni, koma na nukta. Swali lililofuata liliwataka waonyeshe mgogoro mmoja katika hadithi tuliyosoma, na hapo wengi walijibu "umaskini". Umaskini uligombana na nani? Hawakujua, na kosa halikuwa lao.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya kidato cha 1 hadi cha 4. Wa shule ya msingi, darasa la 6 na la 7, wanaweza kwenda vizuri mpaka hatua ya 3. Mkiishia hapo, hamjapungukiwa kitu.

Kabla hujaanza

Andaa hivi:

- Vipindi 3 vya dakika 40. Kama ratiba yako ina kipindi cha mkupuo, yaani vipindi viwili mfululizo, kitumie kwa hatua ya 1 hadi ya 3, maana ukizikata katikati moto unazimika.
- Kanga mbili kuukuu zilizosokotwa na kufungwa pamoja ziwe kama kamba. Kamba ya katani iache nyumbani, inachubua viganja.
- Karatasi za manila na kalamu za wino mzito. Zikikosekana, upande wa nyuma wa kalenda za zamani unafaa kabisa.
- Hadithi moja unayoijua kwa kichwa. Kitabu teule kitafika zamu yake, lakini siku ya kwanza usikiguse.
- Orodha yako mwenyewe ya migogoro iliyomo katika hadithi hiyo, umeiandika kwa mkono wako usiku uliotangulia. Mwalimu asiyefanya hivi hukwama mwanafunzi wa kwanza anapompinga, na lazima atapingwa.

Mimi hutumia kisa cha Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya kaskazini ya Kenya, ambaye Muhamadi Kijumwa wa Lamu alimtungia utenzi mwaka 1913. Kisa hiki kina migogoro ya kila namna na bado unaweza kukisimulia kwa dakika 10. Kwa ambaye hakikumbuki vizuri, muhtasari ni huu.

Liyongo alikuwa mtu wa kimo na nguvu za kutisha, tena mshairi, na watu walimpenda. Mfalme wa Pate, kisiwa cha pwani hiyo hiyo, akaingiwa na hofu kwamba siku moja atanyang'anywa kiti. Akawatuma watu wamuue porini kwa hila: wapande mkoma, mti wa jamii ya mnazi, kwa zamu kuangua makoma, matunda yake, ikifika zamu ya Liyongo wamfume mishale akiwa juu. Zamu ilipomfikia hakupanda. Alitoa mishale yake akayaangusha makoma kutoka chini. Baadaye akakamatwa, akatiwa pingu. Kutoka gerezani alimtumia mama yake ujumbe kwa wimbo, akiupitisha kwa kijakazi Saada, na mama akaoka mkate akaficha tupa ndani. Liyongo akaomba apigiwe ngoma ya gungu kabla ya kufa, na kelele za ngoma na matoazi zilipopamba moto akazikata pingu kwa tupa pasipo mtu kusikia, akatoka. Mfalme akageukia njia nyingine. Alimwita mwana wa Liyongo, akamwahidi cheo na kumwoza binti yake endapo atafichua kinachoweza kumuua baba yake. Kijana akaenda, akauliza. Baba akatambua kwamba mwanawe ametumwa, na bado akamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Kijana akangoja baba alale usingizi mzito, akamchoma. Liyongo akaamka, akashika upinde, akaenda mpaka kisimani, akapiga goti na kupachika mshale. Akafia hapo katika hali hiyo. Watu wa mji hawakuthubutu kuchota maji, wakidhani yu hai, mpaka mama yake alipokwenda kumbembeleza, na mwishowe mwili ukaanguka.

Simulizi hutofautiana hapa na pale. Tumia unayoijua. Kama uko mbali na pwani na una kisa cha kwenu chenye uzito kama huu, tumia hicho, kitafika mbali zaidi.

Hatua ya 1: Toeni kanga nje

Wapeleke wanafunzi kwenye nyasi. Waite wawili wanaolingana nguvu, kila mmoja ashike ncha moja ya kanga na avute. Darasa litapiga kelele. Acha lipige kidogo, kisha uliza: kuna nini hapa? Watasema wanavutana. Kila mmoja anataka nini? Kanga ije kwake. Sasa mnong'oneze mmoja wao alegeze mkono taratibu. Mvutano unakufa papo hapo. Uliza tena: sasa kuna nini? Hakuna kitu, watakwambia. Na hadithi ingekuwa imekwisha, unawaambia wewe.

Hapo umefundisha maana ya mgogoro bila kuandika neno. Pande mbili, kila upande una unachokitaka, na kimoja hakiwezi kupatikana bila kingine kukosekana.

Endelea na kanga hiyo hiyo:

1. Mmoja dhidi ya kundi la kumi. Atavutwa tu, lakini mwangalieni anavyokaza miguu. Huyo ni mtu na jamii.
2. Mmoja, na ncha nyingine imefungwa kwenye mti. Mti hautaki chochote wala haumchukii, ila haumpishi. Huyo ni mtu na mazingira.
3. Ncha moja inapita dirishani na kuingia darasani, ambako kuna mwanafunzi mliyemficha mapema anayevuta bila kuonekana. Wa nje hajui anavutana na nani. Huyo ni mtu na nguvu zisizoonekana: majaliwa, laana, mizimu, mapenzi ya Mungu, kutegemea hadithi inavyoziita.
4. Mmoja peke yake. Kanga inazunguka mgongoni, mkono wa kulia unavuta upande huu na wa kushoto upande ule. Watacheka, kisha watanyamaza, kwa sababu wanaona jinsi anavyojibana mwenyewe. Huyo ni mtu na nafsi yake.

Usitaje majina ya aina hizi bado, hata kama midomo inakuwasha. Waulize tu: tofauti iko wapi kati ya mvutano huu na ule uliotangulia? Wataieleza kwa maneno yao, na maneno yao utayahitaji kesho. Darasa moja waliuita mgogoro wa nafsi "kujivuta", na mpaka leo sijapata jina zuri kuliko hilo.

*Angalizo:* kata mapema kabisa mchezo wa kuachia kanga ghafla ili mwenzake aanguke. Pia usimchague yule mnyonge wa darasa awe mmoja dhidi ya kumi. Mchague kiranja, au jiweke wewe mwenyewe.

Hatua ya 2: Simulia kwa mdomo

Rudini ndani, au bakini nje chini ya mti. Simulia, usisome. Hadithi inayosomwa huwafanya wainamishe vichwa wakitafuta cha kunakili, ilhali inayosimuliwa huwafanya wakutazame. Anza na "Hadithi, hadithi!" na wakujibu kama wanavyojibu kwao.

Simama mahali pamoja tu, pale kijana anapokuwa juu ya baba yake aliyelala, sindano mkononi. Usiendelee. Uliza: kwa wakati huu, ndani ya kifua cha huyu kijana kuna nini? Wape dakika 3 kamili. Kuna watakaosema tamaa, na mara yupo atakayemkatiza: kama ni tamaa peke yake, kwa nini alingoja alale? Maswali ya namna hiyo ndiyo unayoyatafuta. Kisha malizia kisa mpaka kisimani.

Hatua ya 3: Sentensi ya "lakini"

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Ukikosa muda wa hatua nyingine zote, fanya hii.

Andika ubaoni:

*____ anataka ____, lakini ____.*

Kila mgogoro katika hadithi yoyote sharti uweze kukaa katika sentensi hiyo. Nafasi ya kwanza ni mhusika, ya pili ni anachokitaka, ya tatu ni kinachomzuia. Wagawe vikundi vya watu 5 au 6, kila kikundi kilete sentensi 3 kutoka kisa cha Liyongo. Utapata kama hizi:

- Mfalme anataka kiti chake kiwe salama, lakini Liyongo ana nguvu na anapendwa na watu.
- Liyongo anataka kutoka gerezani, lakini amefungwa pingu na analindwa.
- Kijana anataka cheo na mke, lakini anayetakiwa kufa ni baba yake.
- Watu wa mji wanataka maji, lakini Liyongo yuko kisimani na mshale upindeni.

Ongeza wewe moja ambayo mara nyingi hawaioni: Liyongo anataka kuishi, lakini hataki kumnyima mwanawe jibu. Alijua kijana ametumwa. Kwa nini alisema? Miaka yote niliyofundisha kisa hiki sijapata darasa lililokubaliana juu ya swali hilo. Wapo wanaosema ni kiburi, wapo wanaosema alikuwa amechoka kuwindwa, na msichana mmoja aliniambia baba akishaulizwa swali kama hilo na mwanawe ameshakufa tayari, sindano ni ya kukamilisha tu. Nilimpa alama zote, ingawa halikuwa swali la mtihani.

Ile ya kisimani nayo iachie muda. Upande mmoja wa mgogoro ni maiti. Je, huo ni mtu na mtu? Mbona mmoja hayupo? Basi watu wanavutana na nini, na Liyongo au na hofu yao wenyewe? Waache wabishane. Mwanafunzi aliyewahi kubishana juu ya kisima kile hatakuandikia tena "mgogoro wa umaskini".

*Makosa ya hatua hii.* Kosa la kwanza ni kuweka mada mahali pa mhusika: "Usaliti unataka…". Usaliti hautaki kitu, anayetaka ni mtu. Mrudishe: nani amesaliti, alikuwa akitafuta nini? Kosa la pili ni "lakini" isiyozuia: "Liyongo anataka kutoka gerezani, lakini ni mshairi." Ushairi haukumzuia, kinyume chake, ndio uliomtoa. Kosa la tatu ni sentensi ya nafsi yenye tamaa moja tu: "Kijana anataka cheo, lakini ana huzuni." Huzuni ni hali, na mtu anaweza kuhuzunika siku nzima bila mgogoro wowote. Ili nafsi igombane na nafsi, lazima kifua kimoja kibebe matakwa mawili yasiyoweza kukaa pamoja. Nikiona hawajaelewa huwapa fisi wa njia panda, aliyesikia harufu ya nyama njia zote mbili akataka kupita kote kwa wakati mmoja mpaka akapasuka. Kila mtoto anamjua fisi yule.

Hatua ya 4: Sasa taja majina

Sasa, na si kabla ya hapa, andika majina ya aina ubaoni. Wanafunzi wanayapokea kama mtu anayeambiwa jina la mgeni aliyekwisha kula naye.

Vurugu nyingi za walimu wapya zinatoka hapa, kwa hiyo nitatua kidogo. Madarasani kwetu kuna mipangilio miwili ya migogoro, na vitabu vingi vya mwongozo huichanganya katika orodha moja.

Mpangilio wa kwanza unauliza: nani anavutana na nani? Majibu yake ni mtu na mtu, mtu na jamii, mtu na mazingira, mtu na nguvu zisizoonekana, mtu na nafsi yake. Ongeza kundi na kundi, kwa mfano ukoo na ukoo au wafanyakazi na mwajiri, kwa sababu hadithi za kwetu zimejaa hayo.

Mpangilio wa pili unauliza: wanavutania nini, katika uwanja gani? Majibu yake ni kisiasa, kiuchumi, kijamii, kiutamaduni, kifamilia, kidini.

Kwa hiyo swali "mgogoro wa kiuchumi ni aina yake au ni mtu na jamii?" lina jibu jepesi: ni vyote viwili. Mgogoro mmoja una majina mawili, kama mtoto anavyoandikishwa shule kwa jina lake na la baba yake. Chora safu mbili kwenye manila, kushoto "Nani na nani", kulia "Uwanja gani", na kila sentensi ya "lakini" ipate neno moja kila upande:

- Mfalme na Liyongo: mtu na mtu, kisiasa.
- Kijana na sindano: mtu na nafsi yake; kifamilia. Kuna watakaosema kisiasa kwa sababu ya cheo. Wakubalie wakieleza.
- Liyongo na pingu: hapa watagawanyika. Pingu ni chuma, basi ni mazingira? Au pingu ni mkono wa mfalme uliorefushwa, basi bado ni mtu na mtu? Mimi naegemea la pili, kwa sababu mfalme angetoa amri, pingu zingefunguka. Mvua haifunguki kwa amri ya mtu.

Hicho kipimo cha mwisho wape wanafunzi wakitumie: je, kuna mtu ambaye akibadili moyo kizuizi kinaondoka? Kama yupo, mgogoro ni na mtu, au na jamii ikiwa watu hao ni wengi na wanashika desturi moja. Kama hayupo, angalia mazingira au nguvu zisizoonekana. Kama mtu huyo ni mhusika mwenyewe, ni nafsi.

Kuhusu idadi: usiwaambie aina ni tano au sita. Waambie ni majibu ya maswali mawili. Swali la mtihani likitaka aina nne, watachukua nne kutoka katika mpangilio mmoja na kuzitolea mfano. Kuchukua mbili huku na mbili kule katika jibu moja ndiko kunakowafanya wataje mgogoro ule ule mara mbili kwa majina tofauti, na msahihishaji akiona hoja imejirudia anaihesabu mara moja.

Hatua ya 5: Fuateni mgogoro mpaka mwisho wake

Kutaja mgogoro bila chanzo na hatima ni kama kupeleka kesi barazani bila shahidi. Kwa kila sentensi ya "lakini", kikundi kiongeze sentensi tatu: ulianza vipi, ulifika wapi ulipokuwa mkali kabisa, uliishaje.

Wanafunzi wengi hudhani kila mgogoro lazima upatanishwe. Mgogoro wa mfalme na Liyongo uliisha kwa mauaji. Wa kijana na nafsi yake uliisha kwa kuchagua upande mmoja, na alichoahidiwa hakikumfaa. Kuna hadithi ambazo mwandishi anafunga kitabu na kanga bado imekaza. Hapo jibu sahihi ni "haukusuluhishwa", na mwanafunzi aruhusiwe kuliandika bila woga. Niliwahi kuona daftari ambalo mwanafunzi alibuni upatanisho ambao haumo kitabuni, eti kwa sababu mwalimu alimwambia kila mgogoro una suluhisho.

Hatua ya 6: Watunge, kwa kubadili kizuizi tu

Zoezi hili ni fupi na huonyesha mara moja nani ameelewa. Wape hamu moja: *binti anataka kufika kwenye chumba cha mtihani kabla ya saa 2 asubuhi.* Kila kikundi kipewe aina moja ya mgogoro, kiandike aya ya sentensi 6 hadi 8.

Wa mtu na mtu watamleta konda anayezuia mlango wa daladala kwa sababu hataki nauli ya mwanafunzi. Hilo hutokea bila kufundishwa. Wa mazingira watauleta mto uliofurika usiku kucha. Wa jamii watamleta baba, mjomba na mabibi wanaosema msichana aliyekwishaposwa hana haja ya mtihani. Wa nguvu zisizoonekana huja na ndoto mbaya aliyoiota bibi, au jogoo aliyewika saa mbaya. Wa nafsi ndio wanaohangaika. Watakuja na binti mvivu wa kuamka, nawe waulize: anayataka mambo gani mawili? Kikundi kimoja kilikuja na binti aliyekwishaona karatasi ya mtihani iliyovuja. Anataka kufaulu, lakini anataka awe amefaulu yeye. Amesimama kituoni, daladala la tatu linapita, hajapanda.

Someni aya zote kwa sauti bila kutaja aina. Darasa likisie. Aya isiyokisiwa irudishwe ikatengenezwe.

Hatua ya 7: Fungueni kitabu teule

Sasa kitabu. Wape sura moja kwa wakati, na kazi ni moja: sentensi za "lakini" za sura hiyo, pamoja na namba ya ukurasa. Manila ya safu mbili ikae ukutani muda wote mnaosoma, iongezwe kila wiki. Mkifika mwisho wa kitabu mtakuwa na migogoro 20 au zaidi, na hapo ndipo mchague ile mikubwa inayobeba hadithi nzima na kuiacha ile midogo ya pembeni. Kuchagua huku kufanywe na wanafunzi, wakitoa sababu. Kipimo changu ni hiki: ukiuondoa mgogoro huu, hadithi inaanguka au inaendelea? Mtoe konda katika hadithi ya kurasa 100, pengine hakuna atakayegundua. Ukiondoa hofu ya mfalme wa Pate, huna kisa.

Mambo yakikwama

*Bado wanaandika "mgogoro wa UKIMWI", "mgogoro wa rushwa", "mgogoro wa ndoa za utotoni".* Hizo ni dhamira. Usizifute, zigeuze. Katika ndoa ya utotoni nani anataka nini? Baba anataka mahari, lakini binti anataka shule. Tayari ni mgogoro, tena wa kifamilia. Ugonjwa nao unaweza kuwa upande wa pili wa mvutano pale mhusika anapopigania uhai wake, ila kwanza tumwone mhusika akipigania. Kuugua tu hakutoshi.

*Kila kitu kwao ni mtu na jamii.* Waulize jamii hiyo ni nani kwa majina. Wakitaja mtu mmoja, ni mtu na mtu. Jamii iwepo pale ambapo hata ukimwondoa huyo mmoja, wa pili atasimama mahali pake na kusema yale yale.

*Darasa ni la wanafunzi 80 na vikundi haviwezekani.* Tumia madawati: kila dawati ni kikundi. Kukusanya majibu, simamisha madawati matano tu kila kipindi na uweke alama waliokwisha kusimama. Kanga inatosha kwa darasa la ukubwa wowote, maana wanaotazama wanajifunza sawa na wanaovuta.

*Wako kimya.* Mara nyingi hadithi ni ngeni mno au lugha yake ni nzito. Shuka mpaka sungura na fisi, pata sentensi mbili za "lakini", kisha panda tena.

*Wanaleta migogoro ya nyumbani kwao.* Hapa uwe mwangalifu. Mwanzoni nilikuwa nikiwaambia "toeni mfano wa mgogoro kutoka familia zenu", nikidhani nimeleta somo karibu. Siku moja mtoto alianza kueleza, akashindwa kumaliza, na darasa zima likawa linamtazama. Tangu siku hiyo siombi. Mtoto akianza mwenyewe, msikilize kwa upole, mkatize kwa upole, na mwite baada ya kipindi pamoja na mwalimu wa malezi.

*Wanafunzi wawili wana majibu tofauti kwa mgogoro mmoja, na kila mmoja ananitaka niamue.* Usiamue kwanza. Kila mmoja aonyeshe mahali katika hadithi panapomuunga mkono. Wote wakiwa napo, wote wapate alama. Mmoja akiwa hana, ameshajijibu.

*Shairi tunalosoma halina mgogoro.* Inawezekana. Mashairi ya sifa au ya maombolezo mara nyingine hayana mvutano wa kutaja, na kuulazimisha ni kumdhulumu mshairi. Lakini tafuta "lakini", "bali", "ingawa" na "walakini" ndani ya beti kabla hujakata tamaa.

*Madaftari 80 yatanimaliza.* Usisome insha yote katika zoezi la kwanza. Piga mstari chini ya sentensi ya "lakini" peke yake. Kama imesimama, tia tiki na uende daftari linalofuata. Kama imepinda, andika pembeni swali moja tu, "Nani anataka nini?", na umrudishie mwenyewe alitengeneze. Kwa mwendo huo madaftari 80 yanaisha kabla chai ya saa 4 haijapoa.